Mfuko wa Unga Useme Ulikotoka

Katika maduka ya mitaani mjini Dodoma, tangu Majengo hata Chang'ombe na Nkuhungu, na katika vibanda vya Kibaigwa, Mpwapwa na Kondoa, vimejaa vyakula ambavyo havikupita katika kiwanda chochote. Kuna unga wa lishe wa watoto, siagi ya karanga katika makopo yaliyokwisha kutumika, mlenda mkavu uliotwangwa, unga wa ubuyu, zabibu zilizoanikwa juani, asali ya Manyoni na ya Kondoa, achari, maandazi, na hata mvinyo uliotiwa katika chupa za maji. Vyote hivyo vimetengenezwa na mikono ya wananchi, na zaidi akina mama, katika majiko na nyua zao. Ni kazi halali, na ni kazi ya kujitegemea kwa maana yake hasa. Kwa kazi hiyo watoto wamevishwa sare za shule na nyumba zimeezekwa mabati.

Walakini ukiushika mfuko mmoja wa unga huo ukaugeuza huku na huku, aghalabu hutaona neno. Hapana jina la aliyeutengeneza, hapana tarehe, hapana uzito, hapana orodha ya vilivyomo. Mwingine una karatasi ya kupendeza yenye picha ya mtoto mnene anayecheka na maneno ya Kiingereza kitupu, lakini ukitafuta mahali ulipotengenezwa hupaoni. Gazeti hili linaona kwamba yapasa jambo hili lizungumzwe waziwazi, pasipo kuwaonea wazalishaji wadogo na pasipo kuwaficha walaji ukweli.

Wapo watakaosema kwamba lebo ni mambo ya wakubwa wenye viwanda, na kwamba mama anayesaga kilo kumi za unga uani kwake hana haja nayo. Wenye fikra hiyo twawakumbusha mwaka 2016. Katika mwaka huo wananchi wa mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwamo wa Chemba, Kondoa na Kiteto, walianza kuugua maradhi ambayo mwanzoni yalisemwa kuwa ya ajabu. Macho yaligeuka manjano, matumbo yalijaa maji, wagonjwa walitapika. Wengi wao walikuwa watoto. Uchunguzi wa wataalamu ulipokamilika ilibainika kwamba walioandikwa kuwa wameugua walikuwa 68, na kati yao 20 walikufa. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu.

Sumukuvu hii hutokana na kuvu anayeota katika nafaka na karanga. Hupenda mmea uliodhoofishwa na ukame shambani, kisha mavuno yakakusanywa yakiwa na unyevu au kurundikwa sakafuni pasipo hewa. Basi tazameni uwanda wetu huu wa kati. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tena ni chache na hazina ahadi. Jua likikatisha mvua mahindi yanapobeba, mmea umekwisha kudhoofika kabla ya kuvunwa. Mahindi na karanga ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa zaidi na kuvu huyo, na karanga ni zao la kwetu tangu zamani. Wazee wa Kongwa hawahitaji kukumbushwa mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya paundi. Wao waliondoka na matrekta yao, karanga za wakulima wadogo zikabaki.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na moto wa jikoni hauimalizi. Unga uliosagwa kutoka mahindi yenye kuvu huweza kuwa mweupe kama unga mwingine wowote. Hapo ndipo mama wa mjini anaponyang'anywa silaha aliyokuwa nayo bibi yake kijijini. Bibi aliyaona mahindi yake yakiwa bado punje. Aliyapepeta katika ungo, akayachambua, punje iliyooza au kubadilika rangi akaitupa, na mengine akayakoboa kabla ya kuyatwanga. Mjukuu hununua unga uliokwisha kusagwa. Macho yake hayamsaidii tena. Kitu pekee kinachoweza kumsaidia ni neno la aliyeutengeneza, na neno hilo likiandikwa juu ya mfuko ndilo linaloitwa lebo.

Yafaa tuseme kweli hapa. Mahindi ya mwaka 2016 yaliyoua hayakuwa bidhaa ya dukani. Kwa sehemu kubwa yalikuwa chakula ambacho familia zilijilimia na kujihifadhia zenyewe. Lebo isingewaokoa wale. Lakini fikirini kilichowasaidia wachunguzi: waliweza kufika katika kaya, wakauliza ni mahindi ya ghala lipi, wakachukua sampuli, wakapima, wakajua. Chakula na mahali kilikotoka vilikuwa chini ya paa moja. Lau mahindi yale yangekuwa yamesagwa katika mashine ya mtaani pamoja na ya watu wengine, yakafungwa katika mifuko mia tatu isiyo na jina, na mifuko hiyo ikasambazwa Dodoma mjini, Singida na Morogoro, nani angejua pa kuanzia? Wagonjwa wangeonekana katika zahanati ishirini mbalimbali, na kila mganga angeona mgonjwa mmoja au wawili tu.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba katika maneno yote yanayotakiwa kuandikwa juu ya kifungashio, lenye thamani kuliko yote ni lile linalodharauliwa zaidi, yaani namba ya toleo. Mama akisaga unga Jumatatu auandike namba moja, akisaga tena Ijumaa auandike namba mbili, na katika daftari lake aandike kwamba toleo la pili mahindi yalinunuliwa Kibaigwa kwa fulani, na karanga zilitoka Mpwapwa. Ni kazi ya dakika tano. Siku ikitokea shida, toleo moja tu ndilo litakaloondolewa madukani. Asiye na namba hana njia ya kuonyesha kwamba unga wake mwingine ni salama, na wote utateketezwa. Wazalishaji wengi wanadhani namba hiyo imetungwa ili kuwabana, ilhali wao ndio wa kwanza kukingwa nayo.

Maneno mengine si mageni. Tume ya Codex, iliyoanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliyaweka zamani, na viwango vya Tanzania na vya Afrika Mashariki vimeyachukua: jina la chakula chenyewe, vilivyomo kwa kuanzia na kilicho kingi zaidi, uzito halisi kwa gramu au kilo, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jinsi ya kukihifadhi na kukitumia. Sheria yetu inaruhusu Kiswahili. Kwa nini basi mtu wa Bahi amwandikie mtu wa Bahi kwa Kiingereza? Inasemekana kwamba lugha hiyo huifanya bidhaa ionekane ya maana. Sisi twasema kwamba lebo isiyosomeka na mnunuzi ni pambo, na tungependa maafisa wanaopitisha lebo hizo wawe wakali zaidi katika jambo hili kuliko katika rangi na ukubwa wa herufi.

Katika orodha ya vilivyomo, karanga zitajwe daima. Wapo watu, na watoto hasa, ambao miili yao haipatani na karanga hata kidogo. Punje chache huweza kuwavimbisha koo na kuwazuia pumzi. Kadhalika juu ya chupa ya asali iandikwe kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe, maana asali nzuri kabisa isiyoghushiwa huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, vikamlegeza misuli hata akashindwa kunyonya na kupumua. Mfugaji nyuki wa Manyoni anayeandika onyo hilo hapunguzi mauzo yake.

Unga wa lishe unahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa sababu mlaji wake hawezi kusema. Desturi imeingia ya kuchanganya kila kitu katika unga huo: mahindi, uwele, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, na wengine hutia hata dagaa. Wanunuzi huamini kwamba vitu vikizidi ndivyo na nguvu inavyozidi. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakionya kuhusu mchanganyiko wa namna hiyo, na sababu zao zaeleweka. Karanga na soya zina mafuta, na mafuta yakisagwa na kukaa katika joto huchacha. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri huzuia tumbo lisipate faida ya chakula. Na kila nafaka inayoongezwa ni mlango mmoja zaidi wa kuingilia sumukuvu, ikiwa haikuchambuliwa. Mtoto wa miezi minane anayekula uji huo huo asubuhi, mchana na jioni hupata sumu nyingi kwa uzito wake kuliko mtu mzima anayebadilisha vyakula. Sumu ikiingia kidogo kidogo haiui kwa wiki moja kama ilivyofanya Chemba. Huharibu ini taratibu, na yaweza kuleta saratani ya ini baadaye. Wataalamu huihusisha pia na udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Mama anayenunua unga huo anadhani anamjenga mwanawe.

Sasa tuje kwenye sheria, maana wananchi wengi wanasumbuliwa na hilo kuliko sumu. Tanzania haijakosa sheria za chakula. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa mwaka 1975. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kusimamia ubora wa chakula, na mwaka 2003 ikatungwa sheria mpya iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kwa muda mrefu mzalishaji mdogo alikuwa akitumwa huku na huku: TFDA kwa usalama wa chakula, TBS kwa ubora wake, na kila mlango una fomu yake na ada yake. Malalamiko yalisikika. Tangu Julai 2019 shughuli za chakula na vipodozi zilihamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini milango haikubaki mmoja. Bado kuna BRELA kwa jina la biashara, Mamlaka ya Mapato kwa namba ya mlipakodi, halmashauri kwa leseni, afisa afya kwa ukaguzi wa mahali na upimaji wa afya za wanaoshika chakula, na Wakala wa Vipimo kwa uzito.

Mtu aliyekwenda shule akasoma, na ambaye ana nauli, huweza kuizunguka milango hiyo. Mwenye jiko moja la mkaa na mtoto mgongoni hafiki nusu ya safari. Na kikwazo kikubwa kuliko vyote ni cha mahali penyewe. Anayetaka alama ya ubora hutakiwa awe na sehemu ya kutengenezea chakula iliyotengwa na makazi ya watu, yenye sakafu inayosafishika, maji, na ghala la malighafi. Masharti hayo yana maana yake kiafya, wala hatuyapingi. Lakini nyumba nyingi za Nkuhungu na Kizota ni za vyumba viwili vya kupanga. Mwenye chumba kimoja akiambiwa ajenge kingine kwa ajili ya unga, ataendelea kuuza gizani, na aliye gizani hafikiwi na afisa afya wala mwalimu wa lishe.

Serikali haikukaa kimya. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi katika kila mkoa na hufundisha usindikaji na ufungashaji. Na mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO hupatiwa alama ya ubora ya TBS bila kulipa gharama zake katika miaka mitatu ya kwanza. Ni msaada mkubwa, na wengi hawaujui. Tumeona mahali pengi watu wakishindana kupata msimbomilia, ile alama ya mistari myeusi inayoanza na 620, wakiamini kwamba hiyo ndiyo ithibati ya ubora. Mistari ile humsaidia muuza duka kuhesabu mali. Haisemi lolote juu ya usalama wa unga. Viongozi wa vikundi wangewafaa sana wanachama wao kwa kuwaeleza tofauti hiyo.

Tunasema haya tukijua kwamba katika nchi hii watu wadogo waliwahi kuumizwa kwa jina la utaratibu. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvukazi, wauzaji wadogo mijini walikamatwa pamoja na wazururaji, wakati ambapo mishahara ilikuwa haitoshi chakula cha wiki mbili na vitumbua vya akina mama ndivyo vilivyokuwa vikilisha nyumba nyingi za wafanyakazi. Miaka mingi baadaye, Desemba 2018, Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, ili wasibughudhiwe. Kati ya nyakati hizo mbili taifa lilijifunza kitu. Mgambo anayemwaga sufuria ya uji barabarani hajamfundisha mtu yeyote kuchambua karanga.

Lakini kitambulisho kile, pamoja na heri zake, kilimlinda muuzaji dhidi ya bughudha, hakikumlinda mlaji. Na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imewahi kutolewa kwa vikundi vya kusaga unga pasipo yeyote kuuliza kama kikundi kina turubai la kuanikia. Fedha zikitangulia maarifa, kinachoongezeka ni wingi wa mifuko isiyo na jina.

Maoni yetu ni kwamba vyakula vya nyumbani vigawanywe kwa hatari zake, na masharti yafuate hatari. Maandazi makavu, mikate, ubuyu, zabibu kavu, asali na mlenda mkavu ni vyakula ambavyo vijidudu havistawi humo kwa urahisi. Mwenye kuvitengeneza aruhusiwe kuvitengenezea nyumbani kwake, kwa kuandikishwa katika ofisi ya kata, kutembelewa na afisa afya, kupimwa afya yake, na kuandika lebo ya Kiswahili hata kwa kalamu, mradi isomeke na isifutike. Siagi ya karanga, unga wa lishe, maziwa na nyama viwekwe katika daraja la pili. Hivyo visiuzwe bila kupimwa, na kwa ajili yake kata au tarafa iwe na chumba kimoja cha pamoja chenye sakafu, maji na mashine, ambacho vikundi vitakitumia kwa zamu. Hivyo sharti la mahali litatimizwa bila kumfukuza mtu katika kazi yake.

Wala hili si jambo ambalo halijajaribiwa duniani. Katika Marekani, nchi ya viwanda vikubwa, jimbo la California lilitunga sheria ya chakula cha nyumbani iliyoanza kutumika Januari 2013. Sheria hiyo inataja vyakula visivyo na hatari kubwa vinavyoweza kutengenezwa katika jiko la nyumbani, inaweka ukomo wa mauzo, na inamtaka mtengenezaji aandike juu ya kifungashio kwamba chakula hicho kimetengenezwa katika jiko la nyumbani. Mnunuzi akinunua, amenunua akijua. Hatusemi tuige kila kitu, kwani mlaji wa California hana sumukuvu mlangoni kama sisi. Lakini lile sharti la kusema ukweli juu ya mahali kilipopikwa chakula halina gharama, na lingefaa Dodoma kama linavyofaa huko.

Wala halikuanzia Marekani. Kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani anajua kwamba ipo sura nzima inayofungua kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Na katika mapokeo ya Mtume imo habari ya mwenye lundo la nafaka sokoni. Mtume alitia mkono ndani ya lundo lile, vidole vikakuta majimaji chini, na juu pakavu. Mwenye mali akasema kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Mtu huyo hakukatazwa kuuza, wala hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuficha. Na tuangalie kilichofichwa kilikuwa nini: nafaka yenye unyevu, ambayo kwetu leo ndiyo makao ya kuvu. Miji ya Kiislamu ilikuwa na msimamizi wa soko, muhtasibu, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mizani, mikate na maziwa.

Liko jambo jingine linalotuchukiza kidogo, nalo ni lebo zinazosema kupita kiasi. Mfuko wa unga wa ubuyu wa gramu 250 utauona umeandikwa kwamba unatibu kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, upungufu wa damu, na kuongeza nguvu za kiume. Kama ni kweli, hospitali za mkoa zingefungwa. Kanuni za lebo zinakataza chakula kudaiwa kuwa kinazuia au kuponya maradhi, na sababu yake ni nzito: mgonjwa wa kisukari akiamini mfuko ataacha dawa. Ubuyu ni chakula kizuri chenye vitamini C nyingi. Hiyo yatosha kuandikwa.

Kuhusu uzito tutasema kwa ufupi. Kuuza kwa kopo, kwa sado na kwa fungu ni desturi ya soko, na mnunuzi anayeona kwa macho hana ugomvi nayo. Lakini mfuko uliofungwa ukaandikwa kilo moja lazima uwe na kilo moja. Mashamba yamepiga kelele miaka mingi juu ya lumbesa. Haifai mkulima yule yule aliyepunjwa kwa gunia ampunje jirani yake kwa mfuko. Mvinyo wa nyumbani nao, ambao wakulima wa zabibu hulazimika kuutengeneza soko la matunda linapoanguka, una sheria zake za vileo tangu mwaka 1968, na unastahili makala yake peke yake.

Wafanyabiashara wanaoona kwamba haya ni maneno ya ofisini waangalie mpaka wa Namanga. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ilipofungua tena iliweka sharti kwamba waagizaji waandikishwe, shehena iwe na cheti, na sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, kiwango ambacho nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana. Wakenya walikuwa na kumbukumbu yao: mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Malori yalikaa mpakani, na bei ya mahindi ikawa mashakani kwa wauzaji wasio na hatia. Soko la Kibaigwa linaishi kwa malori hayo. Mzigo wenye karatasi inayoonyesha ghala ulikotoka na kipimo chake huvuka. Mzigo usio na asili husubiri.

Taifa hili limewahi kuyafundisha mambo mazito zaidi ya haya. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 vikundi vilikaa kando ya redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikachimba vyoo, na mwaka 1975 vikakaa tena kwa Chakula ni Uhai. Wakati ule wengi wa wanafunzi hawakujua kusoma, lakini walijifunza. Leo karibu kila nyumba ya mtengenezaji wa unga ina mtoto wa shule ya msingi anayeweza kuandika jina, tarehe na namba juu ya mfuko. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mama yake kwamba hilo latakiwa, na kwa nini.

Mavuno mapya huanza kuingia majumbani kuanzia mwezi wa Mei. Katika majuma hayo machache huamuliwa kama karanga zitaanikwa juu ya turubai au juu ya udongo, na kama mahindi yatafungwa yakiwa na unyevu chini ya asilimia 13.5 au yatafungwa kwa haraka ya kudaiwa. Tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa wa Dodoma, na wenzao wa Singida na Kiteto, wawatume maafisa afya na maafisa kilimo pamoja, si kila mmoja kwa siku yake, wakutane na vikundi vya kusaga unga kabla mahindi hayajaingia kinuni. Na katika kila ofisi ya kata liwekwe daftari la watengenezaji wa vyakula: jina, mtaa, chakula anachotengeneza, tarehe aliyotembelewa. Daftari la kurasa mia mbili halihitaji kusubiri bajeti. Mtendaji wa kata aweza kulinunua kesho asubuhi, na ukurasa wa kwanza auanze kwa majina ya wale ambao unga wao tayari unakunywewa uji katika kata yake.